Baba alikuwa anafanya nini stoo?

Mwezi wa pili mwaka huu nilipoteza siku 412.

Ngoja nieleze. Kwenye simu yangu nina programu ya kusomea Biblia, na kila siku ukisoma inakuhesabia. Ukiruka siku moja tu, hesabu inarudi sifuri. Mimi nilikuwa nimefika siku 412 bila kuruka. Nimesoma nikiwa na homa. Nimesoma kwenye harusi ya binamu yangu kule Birmingham, nimejifungia chooni saa tano na dakika hamsini usiku, sura nzima ya Mambo ya Walawi kwa sekunde arobaini, ili tu kile kiduara kijae rangi ya kijani kabla ya saa sita. Niulize ile sura ilisema nini. Siku hesabu iliporudi sifuri nililia. Machozi kabisa, nimesimama kwenye korido ya hospitali, na upande wa pili wa mlango baba yangu amelala, amepigwa na kiharusi.

Ndiyo. Nililia kwa ajili ya kiduara.

Sijamwambia mtu jambo hili mpaka leo. Wiki iliyopita kwenye kipindi, tulipokuwa tunaongelea ule mzigo wa kuwa mtoto wa mfano kwenye jamii, mwenzangu aliniuliza kama imani imenisaidia kutoka kwenye mashindano. Nikajibu vizuri sana. Mmelipenda lile jibu, wengine mmenitumia ujumbe, kuna dada wa Leicester ameniambia amemsikilizisha mdogo wake. Nimekaa na hizo meseji wiki nzima na zinanichoma, maana nilichosema ni kweli kwa mtu mwingine, siyo kwangu. Kwa hiyo safu ya wiki hii ni ya kulirekebisha lile jibu.

Kwa wageni: mimi ni mhasibu, nina miaka 34, nimezaliwa hapa Reading. Wazazi wangu wanatoka Bukoba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule, hapa akaendesha basi miaka ishirini na kitu. Ibada yetu ya Kiswahili tunaifanya Jumapili mchana, kwenye ukumbi tunaoazima kwa kanisa la Waingereza, ambao wanataka saa kumi na moja tuwe tumeshatoka na jiko liwe safi. Funguo za ukumbi ninazo mimi. Slaidi za nyimbo naandaa mimi. Mweka hazina ni mimi, na mwenyekiti wa vijana pia ni mimi (msicheke, hamna mwingine). Halafu kwa kuwa Kiswahili changu hakikatikikatiki sana kama cha wenzangu tuliokua nao, akitafutwa mtoto wa kuomba mbele za watu, naitwa mimi.

Na kuomba najua. Nikipewa maiki napanda taratibu, nashuka, napanda tena, nawataja wagonjwa, nawataja wasafiri, naitaja serikali ya hapa na ya nyumbani, na wamama wanaitika amina mpaka unasikia raha. Baada ya ibada wanamshika mama yangu mkono: huyu mtoto umemlea. Mama anarudi nyumbani anang'aa. Mnajua ule mng'ao. Ni uleule niliouona niliposhika cheti cha chuo, na siku nilipofaulu mitihani ya uhasibu kwa mkupuo wa kwanza, na siku nilipopewa funguo za nyumba ya mkopo yenye vyumba viwili na ukungu bafuni.

Tusiwalaumu wazazi kwa hili. Mtu hakuacha nyumba yake, wadogo zake na makaburi ya wazee wake ili mtoto wake aje kupata wastani. Sisi ni matokeo ya mtihani wao. Tatizo langu ni kwamba nilijifunza somo hilo vizuri mno, nikalibeba mpaka mahali ambapo hakuna mtihani. Maombi yangu yakawa na maksi. Nikishindwa kutaja kitu nilichomwambia Mungu mwezi uliopita ambacho hakuna mwanadamu aliyekuwa anasikiliza, sishangai sana, kwa sababu hakikuwepo.

Sasa ile hospitali.

Kiharusi cha Baba kilichukua mguu na mkono wa kulia, na kilichukua Kiingereza. Hili la lugha sikulitegemea. Muuguzi anamuuliza kitu, kitu chepesi tu, unataka maji? Baba anamwangalia kwa adabu na kumjibu Kihaya. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa anasalimiana na abiria nusu ya mji huu. Kiswahili kilibaki, ila kilikuja polepole, neno moja, kituo, neno la pili. Kihaya ndicho kilitoka bila kukwama, na Kihaya mimi sikijui. Kwetu wazazi walikitumia kuongelea hela na mambo ya watu wazima.

Siku ya tatu walikuja watu wa ibada, kama kumi, na matunda, na chupa ya chai. Muuguzi akatuambia wawili wawili, tukaishia sita. Kabla ya kuondoka mzee mmoja akasema, basi binti atuombee. Nikafumba macho, sauti ikaja yenyewe. Ile ya ukumbini. Nikaanza na majina yote makubwa ya Mungu, moja baada ya jingine, napanda ngazi, nikasikia amina ya kwanza nyuma yangu, na mahali fulani ndani kabisa nikajisikia vizuri. Nimeandika hilo na nitaliacha hapo. Baba yangu hawezi kuinua mkono wake na mimi nilijisikia vizuri kwa sababu sala ilikuwa inatoka vizuri.

Baba akainua mkono wa kushoto. Nikanyamaza.

"Mama," akasema. Ndivyo anavyoniita. Kituo kirefu. "Unaongea na nani?"

Watu wakainamisha vichwa. Mama mmoja akaninong'oneza, usijali mwanangu, ni ugonjwa. Lakini macho yake hayakuwa ya mtu aliyepotea. Alikuwa ananiuliza. Aliponiona sina jibu akageuza uso dirishani, akaanza kuomba mwenyewe kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, ya kawaida, sauti ya mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokatizwa na mgeni mlangoni. Neno nililoshika ni moja tu, *Mukama*, Bwana, na alilisema kama unavyomwita mtu aliye chumba hichohicho. Hakuna aliyeitika amina kwa kuwa hakuna aliyejua kimeishia wapi.

Nikiwa ndani ya gari usiku ule ndipo nilipoikumbuka stoo.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili vya kulala na watu sita, maana shangazi alikuwa naye. Chini ya ngazi kulikuwa na stoo, mnazijua stoo za nyumba za hapa, ile sehemu yenye paa la mshazari ambapo ukisimama bila kuinama unagonga kichwa. Mle ndani: mfuko wa mchele wa kilo ishirini, mashine ya kufyonza vumbi, makoti, viatu vya mpira, sanduku la kusafiria linalosubiri nauli. Na kigoda. Baba alikuwa anaamka saa kumi alfajiri akiwa na zamu ya kwanza. Mimi nikishuka kunywa maji naona mstari wa mwanga chini ya mlango wa stoo, nasikia kitu kama mtu anahema. Nikamuuliza Mama, Baba anatafuta nini stoo kila siku? Mama akasema, muache. Kwa akili yangu ya miaka saba nikaamua kuna kitu kimepotea, na kwamba siku akikipata atatuambia.

Hakuwahi kutuambia kitu. Hakuwahi hata kutuhimiza tumfuate. Kwa kweli kanisani Baba alikuwa mtu wa nyuma, wa kupanga viti na kutoa viti. Wakimwomba aombe, anaomba sentensi tatu na kukaa. Nikiwa kijana nilikuwa naona aibu kidogo. Baba za wenzangu walikuwa wenyeviti.

Mathayo sura ya 6 wengi tunaijua, pale Yesu anapowaambia watu wakitaka kusali waingie chumbani wafunge mlango. Biblia zetu zinasema chumba cha ndani, na mimi siku zote nilipiga picha ya chumba chenye zulia, mshumaa, labda kiti kizuri. Neno la Kigiriki pale ni *tameion*, na maana yake ya kawaida ni stoo. Ghala la ndani, mahali pa kuwekea vyakula. Luka 12, Yesu anaposema kunguru hawana ghala, ni neno hilohilo. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu, nikamwona Baba na mfuko wake wa mchele. Alikuwa ameelewa vizuri bila Kigiriki. Inaleta maana pia ukifikiria nyumba za watu wa kawaida wa zamani zile: familia nzima, pengine na mbuzi, sehemu moja. Mahali ambapo hamna mtu anayekuona ni pale penye magunia. Na hakuna anayeshangaa kukuona unaingia stoo, atadhani umefuata unga.

Baba hakulitoa hewani jambo hili. Mama yake, bibi yangu, alikuwa mtu wa Uamsho, na hapa naomba dakika mbili za historia kwa sababu tunasikia wazee wakisema "ndugu waliookoka wa zamani" na tunadhani ni neno la heshima tu.

Mwaka 1929, mwezi wa tisa, daktari mmoja Mwingereza anayeitwa Joe Church alifika Kampala akitokea Gahini, Rwanda, alikokuwa anaendesha hospitali ya misheni. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kubwa. Alikuwa amefanya kazi mpaka kwisha, na mwenyewe alijiona mkavu ndani. Pale Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, mtu wa idara ya afya. Wakakaa siku kadhaa wanasoma Biblia na kuomba, wawili tu. Mmisionari hakuwa mwalimu pale, na Nsibambi hakuwa mwanafunzi. Kutoka hapo, Gahini ikawaka katika miaka ya 1930, Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akiwa miongoni mwa waliobeba moto huo mpaka alipofariki mwaka 1936, na moto ukavuka mpaka Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Bukoba. Watu walikutana kwenye vikundi vidogo na kufanya kitu walichokiita kutembea nuruni: unasimama mbele ya wenzako unasema ulivyo. Baba ana kumbukumbu ya mama yake akikiri kwamba alilowesha kahawa kidogo ili izidi uzito kwenye mizani. Mbele ya jirani aliyemwonea wivu. Baba alikuwa mtoto, alitaka ardhi immeze.

Kinachonigusa ni kwamba kitu kilichotikisa makanisa ya Afrika Mashariki yote kilianza na mtu aliyefanikiwa kwa macho ya kila mtu, daktari, mwenye hospitali, anayemwambia mtu mwingine: ndani sina kitu.

Lakini tusipambe. Baba huyohuyo amewahi kuniambia kwamba baadaye wapo waliojifunza kukiri vizuri. Kukiri kwa ufundi, dhambi ile yenye mvuto, machozi mahali pake. Alisema bibi alikuwa akiwaita "wenye ushuhuda mzuri", na haikuwa sifa. Kwa hiyo hata nuru unaweza kuitengenezea jukwaa. Hata hii safu. Nimeiandika mara tatu, na kila mara najiona nikichagua neno litakalonifanya nionekane mnyenyekevu zaidi. Sina dawa ya hilo, nimeamua tu kulisema.

Kuna atakayeniuliza, kwa hiyo tuache vyeo? Tukae stoo wote? Josiah Kibira, askofu wetu wa Bukoba, alikuwa mtu wa Uamsho, na mwaka 1977, mkutano ukiwa Dar es Salaam, akachaguliwa rais wa Walutheri wa dunia nzima, Mwafrika wa kwanza, mpaka 1984. Hakukataa. Kazi ni kazi. Mimi pia sijaacha uhasibu, na nikipandishwa daraja mwaka huu nitafurahi na nitanunua viatu. Ninachojaribu kukisema ni kidogo kuliko hapo: kwamba kuna chumba kimoja ambacho matokeo hayaingii, na mimi nilikuwa nimeingiza matokeo humo pia mpaka sikuwa na pa kukaa.

Basi nimefanya nini? Nimeifuta ile programu. Wala si mbaya, imewasaidia wengi, ila kumpa mhasibu kitu kinachohesabu ni kama kumpa mlevi kazi ya baa. Nasoma Biblia ya karatasi ya Baba, ya Kiswahili, polepole kwa sababu msamiati unanishinda, na siku nyingine nasoma mistari minne. Siku nyingine sisomi. Hakuna kitu kinachogeuka sifuri.

Halafu kabla ya kazi naegesha gari kwenye maegesho ya stesheni, nazima injini, nakaa dakika kumi. Wiki ya kwanza sikuweza kusema chochote. Nikifungua mdomo sauti ya ukumbini inataka kuja, na nilijizuia kuitumia, na bila ile sauti nikagundua sina nyingine. Nina Kiswahili cha maiki na Kiingereza cha ofisini, basi. Cha kuongea na Mungu tukiwa wawili sikuwahi kukijenga. Nilichokuwa nacho kilikuwa cha mtoto wa miaka saba: naogopa. Baba anaumwa. Nimemjibu vibaya Mama. Sitaki kwenda kazini. Asante kwa jua. Maneno ambayo ukiyasema ukumbini watu watadhani maiki imeharibika. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mnaona aibu kuomba kwa Kiswahili kwa sababu ngeli zinawapiga chenga, mnasema kitabu "yake" na mnachekwa. Jamani, ombeni hivyohivyo. Mimi ninayezijua ngeli ndiye nilikuwa bubu.

Kuna siku dakika kumi zinapita na hakuna kitu, naangalia tu watu wanaokimbilia treni. Sijapata amani ile ya kwenye shuhuda. Nimepata usumbufu zaidi, kusema kweli, maana ukinyamaza unaanza kujisikia. Niligundua nina hasira na wenzangu wa kamati wasiofanya kazi, hasira ya miaka, nimeifunika kwa kujitolea. Nikaenda kuongea na mmoja wao. Hakuipokea vizuri.

Na nimeachia uenyekiti wa vijana. Funguo nimempa kijana wa miaka 22 ambaye tayari amezipoteza mara moja, tukakaa nje kwenye mvua na sufuria la pilau. Kuna mama mmoja amemuuliza Mama kama nimepoa kiroho. Mama hakuniambia, nimesikia kwa mtu mwingine. Nilipomuuliza alimjibuje, alisema, "Nilimwambia sijui." Uso wake haukuwa na ule mng'ao. Hilo limeniuma na bado linaniuma. Sijui nimweleze vipi kwamba ninachokitafuta ni kitu chao wenyewe, kilikuwa nyumbani kwetu siku zote, chini ya ngazi.

Baba yuko nyumbani sasa. Anatembea kwa fimbo, Kiingereza kimerudi kidogo, cha salamu na cha mpira. Stoo hawezi tena, mguu haukunji, kwa hiyo anaombea kitandani, na asubuhi tunapita mlangoni kwake kwa kunyata. Swali lake sijalijibu na hajaliuliza tena. Jumamosi nikiwa kwao nilifuata mashine ya kufyonza vumbi nikakikuta kigoda bado kipo, nyuma ya mchele. Nikaingia, nikavuta mlango. Goti liliniuma, koti la mtu lilikuwa linanigusa sikio. Nilikuwa nimesema sentensi kama mbili hivi Mama alipogonga, anataka kupima mchele.